Madai Si Hukumu: Hakimiliki na Uondoaji wa Kazi Mtandaoni

Zamani za kaseti, mwizi wa nyimbo alikuwa na mzigo. Alikuwa na mashine za kunakilia, makasha ya kaseti tupu, na chumba ambacho askari aliweza kukiingia akiwa na hati ya upekuzi mkononi. Siku hizi mzigo huo haupo. Wimbo uliorekodiwa kwa Kilugbara katika jiji la Arua waweza kufika Koboko kabla mtungaji hajamaliza chai yake, ukavuka mpaka wa Oraba ukaingia Sudan Kusini, na siku hiyo hiyo ukasikika katika soko la Ariwara, nchini Kongo, pasipo gari lolote kusimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Umepita katika simu, na nakala yake imewekwa katika tovuti ambayo mitambo yake iko ng'ambo.

Mtungaji anapogundua kwamba mtu mwingine ameuweka wimbo huo mtandaoni na kujidai kuwa ndiye mwenyewe, mara nyingi hajui abishe mlango gani. Mlango alio na hakika nao ni wa kituo cha polisi. Katika wilaya ya mpakani kama Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana mahali paitwapo Salia Musala, huenda akamwendea hata mwanajeshi aliye katika doria. Kwa hiyo yafaa askari wa kila cheo aelewe jinsi tovuti zinavyoyashughulikia malalamiko ya namna hii, nani mwenye haki ya kulalamika, na ni wapi mamlaka ya askari yanapoanzia na yanapokoma.

Hakimiliki ni haki ya mtungaji, mwandishi, mpiga picha au mtengenezaji wa filamu kuamua nani anakili, nani auze na nani atangaze kazi yake. Nchini Uganda haki hiyo hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1964. Haki huzaliwa pale kazi inapotiwa katika umbo la kushikika, yaani inapoandikwa, inaporekodiwa au inapopigwa picha. Wazo lililo kichwani tu halilindwi. Habari za siku nazo, kama taarifa ya ajali au ya mkutano, hazina mwenyewe. Kwa kazi ya mtunzi, ulinzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Si lazima kazi isajiliwe ndipo ilindwe; lakini usajili katika Idara ya Huduma za Usajili, yaani URSB, humpa mwenye kazi ushahidi mzuri siku ya ubishi.

Sasa yafaa kuitazama tovuti yenyewe. Tovuti kubwa ya nyimbo na filamu hufanana na ghala ambamo mamilioni ya watu huweka mizigo yao usiku na mchana. Mwenye ghala hakuifunga mizigo hiyo, wala hawezi kuifungua mmoja mmoja akiuliza ulikotoka. Je, mzigo wa wizi ukikutwa humo, mwenye ghala ashitakiwe pamoja na mwizi? Marekani ilijibu swali hilo kwa sheria ya mwaka 1998, ijulikanayo kwa kifupi kama DMCA. Jibu lilikuwa na masharti. Mwenye tovuti hatadaiwa fidia kwa kitu kilichowekwa na mtu mwingine, maadamu hakujua kwamba kimeibwa. Maadamu akipokea taarifa rasmi ya mwenye haki hukiondoa upesi. Na maadamu anao utaratibu wa kuwafungia wale wanaorudia kosa. Kwa kuwa tovuti nyingi kubwa ni mali ya makampuni ya Marekani, sheria hiyo huamua mambo mengi yanayohusu hata wimbo wa Arua, ingawa haikutungwa na Bunge la Uganda.

Uganda nayo ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2011, na sheria hiyo hufuata njia inayofanana na ile ya Marekani. Mtoa huduma halazimishwi kupekua kila kitu kinachopita katika mitambo yake. Hata hivyo, akiisha kuarifiwa juu ya ukiukaji, yampasa achukue hatua. Taarifa yenyewe haiwi maneno ya mdomoni wala ujumbe wa matusi. Hapana budi itaje jina kamili na anwani ya mlalamikaji. Itaje haki iliyovunjwa, na ieleze ni kitu gani hasa kinacholalamikiwa na kinapatikana wapi. Iseme ni hatua gani inayotakiwa. Iwe na sahihi, na mlalamikaji atamke kwamba analalamika kwa nia njema na kwamba maelezo yake ni ya kweli. Atoaye uongo kwa makusudi anaweza kudaiwa hasara iliyotokana na uongo wake.

Askari atauona hapo utaratibu anaoujua. Ni sawa na maelezo yanayoandikwa kituoni: nani anasema, anasema nini, kitu kiko wapi, na sahihi yake iko wapi. Taarifa isiyo na mambo hayo hurudishwa, au huwekwa kando. Walalamikaji wengi hushindwa hapa. Huandika kwa hasira kwamba wimbo wao umeibwa, lakini hawataji anwani ya ukurasa ambamo wimbo huo umewekwa, wala hawaonyeshi kwamba wao ndio wenye wimbo.

Mwenye tovuti akipokea taarifa iliyokamilika, hakai kama hakimu. Hamwiti shahidi wala hasikilizi mawakili. Hukiondoa kitu kinacholalamikiwa, kisha humwarifu aliyekiweka. Kuondoa huko ni tahadhari tu. Hakumaanishi kwamba aliyekiweka amepatikana na hatia. Ndiyo sababu sheria humpa naye nafasi ya kujibu. Kwa sheria ya Marekani, mtu huyo anaweza kuandika taarifa ya kupinga, nayo iwe na jina na sahihi yake, akitamka kwamba kitu chake kimeondolewa kwa makosa. Baada ya hapo mlalamikaji hupewa muda wa kwenda mahakamani. Asipofungua kesi, tovuti hukirudisha kitu hicho kati ya siku 10 na 14 za kazi. Akifungua kesi, shauri huhamia mahakamani, kwa hakimu wa kweli.

Kenya ilipoirekebisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, iliweka muda mfupi zaidi wa kuondoa, yaani saa 48 za kazi. Lakini sheria hiyo hiyo ilimwekea adhabu mtu anayepeleka taarifa ya uongo au ya hila: faini isiyozidi shilingi 500,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Watunga sheria wa Nairobi waliona kwamba chombo kinachoweza kunyamazisha kazi ya mtu kwa siku mbili kinahitaji kufungwa kamba, kisije kikashikwa na kila mwenye kinyongo.

Kamba hiyo yahitajika hasa kwa sababu siku hizi mashine nazo zimeingia katika kazi. Tangu mwaka 2007 YouTube imekuwa na mtambo unaolinganisha kila video mpya na hazina ya sauti na picha zilizowekwa na wenye hakimiliki. Mtambo ukiona mfanano, humwachia mwenye haki achague: azuie video, au aiache na kuchukua mapato ya matangazo yake. Mbali na mtambo huo, ziko taarifa zinazopelekwa na watu. Mtu akipata maonyo matatu ya hakimiliki katika muda wa siku 90, anaweza kufungiwa chaneli yake nzima. Kijana wa Arua aliyeijenga chaneli yake kwa miaka anaweza kuipoteza kwa taarifa tatu tu, ziwe za kweli au za uongo, asipojua namna ya kuzijibu.

Afrika Mashariki imekwisha kuona mambo haya. Mwezi wa Novemba 2019 wimbo uitwao "Uno", wa mwanamuziki wa Tanzania Harmonize, uliondolewa YouTube baada ya mtayarishaji wa muziki wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umetokana na kazi yake. Baadaye wimbo huo ulirudi hewani. Uliondolewa kwa taarifa, pasipo hukumu ya mahakama yoyote ya Dar es Salaam wala ya Nairobi. Kwa mwanamuziki, siku ambazo wimbo mpya haupatikani ni siku za hasara. Na kwa mtayarishaji anayeamini kwamba kazi yake imechukuliwa, kila siku wimbo unapochezwa ni hasara vile vile. Utaratibu mzuri ni ule unaowakumbuka wote wawili.

Liko jambo jingine ambalo lawagusa askari wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba mtu aliye katika picha ndiye mwenye picha. Sivyo. Hakimiliki ya picha au video ni ya yule aliyeipiga, isipokuwa kazi iwe imeagizwa na mtu mwingine au imefanywa katika ajira. Mwananchi akiirekodi doria katika barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko, askari anayeonekana katika video hiyo hana hakimiliki juu yake. Akiiandikia tovuti taarifa ya hakimiliki ili video iondolewe, atakuwa ametia sahihi yake chini ya uongo.

Hila za namna hiyo zimekwisha kujaribiwa kwingineko. Mwaka 2021, mjini Oakland katika jimbo la California, ofisa wa sherifu wa Alameda alikuwa akirekodiwa na wananchi. Akafungua simu yake akacheza wimbo wa Taylor Swift. Alisema mwenyewe kwamba afanya hivyo ili video ile isiweze kuwekwa YouTube, akitarajia mitambo iutambue wimbo na kuizuia. Hila haikufaulu. Video iliwekwa, ikatazamwa na watu wengi mno, na yale ambayo ofisa alitaka yafichike yakawa habari ya dunia nzima. Chombo kilichoundwa kumlinda mwanamuziki kiligeuzwa kuwa pazia, na pazia lenyewe likapasuka.

Kwa upande mwingine, askari wanao wajibu na haki zao katika sheria hiyo. Jeshi na polisi wana bendi, na humo wamo watungaji wa nyimbo. Wimbo uliotungwa kazini, kama sehemu ya ajira, ni mali ya mwajiri, isipokuwa pawe na mapatano mengine. Wimbo ambao askari aliutunga kwa wakati wake, kwa jitihada yake mwenyewe, nje ya kazi zake, ni wake, naye ana haki ya kulalamika ukichukuliwa, kama raia yeyote. Ni vema tofauti hiyo iandikwe mapema, kabla wimbo haujapata sifa na kabla fedha hazijaanza kuonekana.

Yapo pia malalamiko ambayo si ya hakimiliki hata kidogo, ingawa huletwa kwa jina hilo. Mtu aliyekashifiwa anayo njia yake, nayo ni mahakama. Mtu ambaye habari zake za siri zimetangazwa, kama ugonjwa wake au namba zake, anayo Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019. Siri ya jeshi ikivuja, hilo ni jambo la makamanda na wanasheria wa serikali. Na mtu aliyeudhiwa tu na maneno asikimbilie kituoni akidhani kila maudhi ni jinai. Tarehe 10 Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kifungu kilichokuwa kikitumiwa kuwashitaki watu kwa maneno ya kuudhi.

Hata serikali inapotaka kitu kiondolewe, tovuti huuliza karatasi. Mwezi wa Desemba 2020 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliiandikia kampuni ya Google ikitaka chaneli kadhaa za YouTube zifungwe. Msemaji wa kampuni hiyo alieleza hadharani kwamba ombi la namna hiyo lahitaji amri ya mahakama. Pengine jibu hilo liliwaudhi baadhi ya watu, lakini fundisho lake kwa mpelelezi wa Arua ni la manufaa. Barua yenye muhuri wa kituo haitoshi kuifanya tovuti ya ng'ambo iondoe kitu. Mwenye hakimiliki aliyetia sahihi taarifa iliyokamilika, au mahakama iliyotoa amri, ndiye atakayesikilizwa.

Basi askari afanye nini mtungaji anapofika mbele ya meza yake? Kwanza ayaandike malalamiko katika daftari la matukio, kwa utulivu, bila kumdhihaki mtu kwamba wimbo si mbuzi wala baiskeli. Wimbo ni mali. Pili amwulize maswali machache: kazi ni ipi, aliitunga lini, aliirekodi wapi, nani alishiriki, na ana uthibitisho gani. Tatu ahakikishe kwamba ushahidi unahifadhiwa kabla taarifa ya kuondoa haijapelekwa. Kosa hili hutokea mara nyingi. Mlalamikaji hufurahi ukurasa unapoondolewa, kisha siku ya kesi hana cha kuonyesha, kwa kuwa kielelezo kimeondoka pamoja na ukurasa. Anwani kamili ya ukurasa, jina la aliyeuweka, tarehe, saa, na nakala iliyochapwa kwenye karatasi ni vitu vya kutunzwa kwanza.

Nne, amwelekeze mlalamikaji kwenye mlango unaofaa. Kama jambo ni wimbo uliowekwa na mtu katika tovuti, taarifa ya mwenye haki kwa tovuti ndiyo njia ya haraka, wala haihitaji pingu. Kama ni suala la malipo ya redio au mabaa yanayocheza nyimbo zake, chama cha wanamuziki kinachokusanya malipo hayo, Uganda Performing Right Society, ndicho cha kuonwa. Kama ni biashara, yaani mtu ananakili na kuuza nyimbo za wenzake katika kibanda chake mwezi baada ya mwezi, hapo jinai yaweza kuwapo. Sheria ya 2006, kama ilivyotungwa, iliweka kwa kosa hilo faini isiyozidi pointi 100 za fedha, yaani shilingi 2,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 4, au vyote viwili. Upelelezi wa kosa hilo ni kazi halali ya polisi, kwa kufuata taratibu za upekuzi na vielelezo.

Lakini sheria hutofautisha mfanyabiashara na mtu anayesikiliza wimbo kwa nafsi yake. Abiria aliyeshushwa kwenye basi karibu na Koboko, akakutwa na nyimbo katika simu yake, si mwenye kiwanda cha wizi. Kumnyang'anya simu kwa jina la hakimiliki ni uonevu, na kumtoza fedha papo hapo ni rushwa. Mwanamuziki wa Arua hapati hata senti moja katika fedha hizo. Jina lake limetumiwa tu, kama wimbo wake ulivyotumiwa.

Watungaji nao wana sehemu yao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanamuziki atunze rekodi yake ya kwanza, tarehe yake, na mapatano aliyoandikiana na mtayarishaji, mpiga gitaa na mwenye studio. Mapatano ya mdomo huwa matamu wakati wa urafiki, na wimbo unapoanza kuleta fedha kila mmoja huyakumbuka kwa namna yake. Tovuti iliyoko maelfu ya maili kutoka Arua haiwezi kujua nani alikaa na nani studioni. Hujua kile tu kilichoandikwa mbele yake.

Ni dhahiri kwamba utaratibu huu wote umejengwa juu ya ukweli wa mtu anayetia sahihi. Tovuti haichunguzi mioyo. Huondoa kwanza, husikiliza baadaye, na huacha mengine kwa mahakama. Mlalamikaji mwaminifu hulindwa upesi, lakini mwongo naye aweza kumnyamazisha mwenzake kwa siku kadhaa. Askari anayeelewa hivyo hataichukulia taarifa ya kuondoa kuwa ni hukumu, wala hatamkamata mtu kwa sababu tu ukurasa wake umefungwa. Kadhalika hatamfukuza mtungaji aliyeibiwa kwa kudhani kwamba mambo ya mtandao si ya polisi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika jambo hili mnyonge aweza kuwa mtungaji wa Arua ambaye wimbo wake unauzwa Koboko pasipo ruhusa yake, na pia aweza kuwa kijana ambaye chaneli yake imefungwa kwa taarifa ya uongo ya mpinzani wake. Wote wawili huja katika kituo kile kile, na daftari litakalofunguliwa mbele yao ni moja.